Kinga ya dawa za kulevya shuleni: kwa nini vitisho havisaidii, na msongo wa mzazi unaingiaje

Ukiuliza shule za sekondari za Dar es Salaam zinafanya nini kuwakinga wanafunzi na dawa za kulevya, majibu mengi yanafanana. Mara moja au mbili kwa mwaka anaalikwa mgeni. Wanafunzi wanakusanywa uwanjani, askari anaeleza sheria na vifungo, kisha anasimama mtu aliyewahi kutumia unga, yaani heroini. Anasimulia alivyouza vyombo vya mama yake, alivyolala maskani, arosto, yaani maumivu ya kukosa dawa, ilivyomtesa. Uwanja mzima unanyamaza, wengine wanatokwa machozi, na walimu wanaondoka wakiamini ujumbe umefika.

Tafiti za saikolojia za miaka zaidi ya 40 zinaonyesha kwamba ujumbe wa namna hiyo haupunguzi matumizi. Ofisi ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia dawa za kulevya na uhalifu ilitoa mwongozo wa kimataifa wa kinga mwaka 2013, ikautoa upya pamoja na Shirika la Afya Duniani mwaka 2018. Humo hotuba za upande mmoja, vitisho, ushuhuda wa waliowahi kutumia na masomo yanayofundishwa na askari vimetajwa miongoni mwa mambo yasiyo na matokeo, au yenye matokeo mabaya.

Jaribio kubwa kuliko yote la njia hiyo lilifanyika Marekani. Programu ya D.A.R.E. ilianza Los Angeles mwaka 1983: askari mwenye sare aliingia darasani wiki baada ya wiki. Wazazi waliipenda, wanasiasa waliipenda, ikaenea nchi nzima. Mwaka 1994 watafiti walikusanya matokeo ya tathmini zake wakakuta athari ndogo mno. Mwaka 1999 ukatoka ufuatiliaji wa miaka 10 wa wanafunzi wa Kentucky: waliopitia programu hiyo na waliopata somo la kawaida la afya hawakutofautiana katika matumizi.

Kwa nini hofu haishiki

Sababu ya kwanza ni kwamba mtoto ana macho. Kijana wa Manzese au Tandika anapita kijiweni kila siku. Anamwona kaka anayevuta bangi, ambaye bado anaendesha bodaboda, analipa kodi na kumsaidia mama yake. Mwalimu akisema msokoto mmoja unaleta wazimu, kijana analinganisha na anachokiona, kisha anaacha kumwamini mwalimu huyo hata atakapozungumzia heroini, ambako hatari ni kubwa kweli.

Ya pili ni umbali wa hasara. Kifungo na maradhi ni mambo ya baadaye. Wenzake wanaomtazama wako mbele yake sasa hivi. Mwaka 2005 Gardner na Steinberg waliwapa watu wa rika mbalimbali mchezo wa kompyuta wa kuendesha gari, wengine wakicheza peke yao, wengine wakitazamwa na wenzao. Vijana wa miaka 13 hadi 16 walithubutu hatari nyingi zaidi wakiwa na wenzao, ilhali kwa watu wazima wenzao hawakuleta tofauti ya maana. Kijana huyo anaijua hatari. Kinachomshinda ni kutumia anachokijua mbele ya kundi.

Sababu ya tatu ndiyo inayosahauliwa sana. Ukisimama mbele ya wanafunzi 600 ukasema vijana wengi siku hizi wameharibika, umewaambia kwamba wengi wanatumia. Vijana huelekea kukisia kiwango cha matumizi ya wenzao juu kuliko kilivyo, na kisio hilo huwasukuma. Hansen na Graham walilipima jambo hili mwaka 1991: madarasa yaliyorekebishiwa kisio hilo yalipata manufaa katika pombe, bangi na sigara, wakati mafunzo ya kukataa yakiwa peke yake hayakufua dafu.

Tena ushuhuda una tatizo lake. Msimuliaji ametumia miaka mingi, yuko hai, anapigiwa makofi. Mwanafunzi mwenye hamu ya kuthubutu anaweza kuondoka na somo kwamba hata ukizama, unatoka. Hili si shutuma kwa waliopona. Kazi yao katika nyumba za upataji nafuu na vituo vya tiba inaokoa maisha. Ila kumkinga mtoto wa miaka 13 ambaye hajaanza ni kazi nyingine.

Kinachofanya kazi darasani

Programu iliyopimwa kwa muda mrefu ni ya Gilbert Botvin wa New York, inayofundisha stadi za maisha. Ina vipindi 15 mwaka wa kwanza, 10 mwaka wa pili na 5 mwaka wa tatu. Vipindi vichache tu vinazungumzia dawa zenyewe. Vingine ni vya kufanya uamuzi, kutuliza wasiwasi, kuongea na watu usiowazoea, kusema hapana bila kuvunja urafiki. Matokeo ya muda mrefu yaliyochapishwa mwaka 1995, kutoka shule 56, yalionyesha wanafunzi hao wakitumia sigara, pombe na bangi kidogo kuliko wenzao miaka sita baadaye. Manufaa yalikuwa makubwa zaidi kwa waliofundishwa angalau asilimia 60 ya programu. Kwa shule zetu hili ndilo la kuzingatia kuliko yote: ukikatiza vipindi kwa sababu ya mitihani ya majaribio ukafundisha robo tu, usitarajie matokeo ya programu nzima.

Tuchukue kidato cha kwanza chenye wanafunzi 80 na kipindi cha dakika 40, tuone kipindi cha kurekebisha kisio kinavyokwenda.

Andaa vikaratasi 80 vya ukubwa mmoja na sanduku la katoni lenye tundu juu. Kila karatasi ina maswali mawili. La kwanza: kati ya wanafunzi 10 wa darasa hili, unadhani wangapi wamevuta sigara au bangi, au kunywa pombe, katika siku 30 zilizopita? La pili: wewe je, ndiyo au hapana? Majibu yawe ya kuzungushia namba au neno, si ya kuandika, maana mwandiko unajulikana. Kalamu ziwe za rangi moja. Mwalimu asipite kati ya madawati, akae mbele. Sanduku lipite mikononi mwao wenyewe.

Matokeo yasisomwe papo hapo. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Hesabu kwanza ofisini. Ikiwa darasa linakisia 5 kati ya 10 na walioungama ni 1 kati ya 10, una somo zuri sana: kipindi kinachofuata andika namba hizo mbili ubaoni, waache makundi ya wanafunzi sita sita yajadili pengo hilo limetoka wapi. Ikiwa walioungama ni wengi, usiwasomee kabisa, kwa sababu utakuwa umethibitisha kwamba kutumia ni kawaida. Namba hiyo ibaki kwa mwalimu mkuu na mwalimu wa ushauri nasaha, na iwaonyeshe kwamba darasa hilo linahitaji msaada mwingine. Mwalimu akijaribu kutafuta nani kajibu ndiyo, hata kwa mzaha, zoezi limekufa mwaka mzima, na shule nzima itajua kabla ya kengele ya mwisho.

Kipindi cha kukataa kinahitaji vinywa vifanye kazi. Wanafunzi wawili wanasimama, mmoja anashawishi kwa maneno yaleyale ya mtaani. "Oya, onja tu, hufi." Wa pili kwa kawaida huanza kujieleza: mama atanisikia harufu, kesho nina tuisheni. Kila sababu inapata jibu lake, "kuna bigijii hapa," na hatimaye sababu zinakwisha. Mwalimu anasimamisha, anawaonyesha darasa kilichotokea, kisha wanarudia kwa njia fupi. "Situmii, mwanangu. Twende zetu mpirani, wanatungoja." Sauti ya kawaida, bila mahubiri, na miguu inaanza kutembea. Zoezi lirudiwe na kila jozi angalau mara tatu, kila mara mshawishi akiongeza nguvu. Mara ya pili atasema "acha ushamba", na hapo ndipo penye mafunzo, kwa kuwa aibu humshika kijana kuliko hoja. Asipewe mwanafunzi mmoja nafasi ya mshawishi kila siku kwa sababu anaiigiza vizuri, utamjengea jina.

Kwa shule za msingi kuna njia ambayo haitaji dawa za kulevya hata mara moja. Ni mchezo wa tabia njema uliobuniwa mwaka 1969 na kujaribiwa Baltimore, Marekani, katika madarasa ya kwanza kuanzia mwaka 1985. Darasa linagawanywa timu zenye mchanganyiko wa wakorofi na watulivu. Sheria chache zinaandikwa ukutani, mchezo unachezwa kwa dakika 10 mara tatu kwa wiki wakati kazi ya kawaida ikiendelea, na timu inapata alama kila mwenzao anapovunja sheria. Timu zote zenye alama zisizozidi nne zinashinda, hata kama ni zote. Watoto hao walipofika miaka 19 hadi 21, matatizo ya dawa za kulevya yalikuwa yamepungua kwa wavulana, hasa wale waliokuwa wagomvi tangu darasa la kwanza.

Kuna mtego mmoja wa kuukwepa kabisa. Usiwakusanye watukutu pamoja ukaliita kundi la kurekebishwa. Mwaka 1999 Dishion, McCord na Poulin walionyesha kwamba vikundi vya namna hiyo vinaweza kuongeza uvutaji na uhalifu. Vijana hucheka pamoja hadithi za uvunjaji sheria, na kicheko ni tuzo. Mwalimu aliyekaa mbele hashindani na tuzo hiyo.

Sehemu ya nyumbani

Hata shule ikifanya yote hayo sawasawa, mtoto anarudi nyumbani, na nyumbani kuna mtu mzima aliyechoka. Rand Conger na wenzake walichunguza familia za jimbo la Iowa, Marekani, baada ya mgogoro wa madeni ya wakulima wa miaka ya 1980. Walichokikuta kinaeleweka vizuri sana Mbagala. Shinikizo la pesa lilimfikia mtoto zaidi kwa kupitia watu wazima. Deni linamvunja mzazi moyo, linaleta ugomvi kati ya baba na mama, kisha malezi yanabadilika: ukali usiotabirika, au mzazi anakuwepo kwa mwili tu.

Hapa kwetu shinikizo hilo lina majina. Kuna marejesho ya kila wiki ya mkopo wa kausha damu, kodi ya miezi sita inayotakiwa kwa mkupuo, michango, nauli. Kuna saa mbili za foleni kutoka mjini hadi Gongo la Mboto. Mama anayefunga biashara yake jioni anafika kwake saa tatu usiku, na hapo bado hajapika.

Gerald Patterson, aliyefanya kazi Oregon, alieleza kinachotokea ndani ya nyumba hizo hatua kwa hatua. Mama anasema, "Nenda kalale, zima hiyo simu." Mtoto anajibu kwa kelele. Mama anapandisha sauti, mtoto anapandisha zaidi. Mama amechoka, anaachana naye. Kelele zimekwisha, kwa hiyo mama amejifunza kwamba kuacha kunaleta amani, na mtoto amejifunza kwamba kupandisha sauti kunashinda. Siku nyingine mama analipuka na kupiga kwa kosa dogo kuliko hilo. Mtoto hawezi kujua sheria ni ipi, na kijana asiyejua sheria ya nyumbani atazifuata za kijiweni.

Ugunduzi wenye manufaa zaidi kwa mzazi, kwa maoni yetu, ni wa Stattin na Kerr wa Sweden, mwaka 2000. Ilikuwa imeaminika kwamba mzazi anayefuatilia sana ndiye anayemkinga mtoto. Walipowachunguza vijana wa miaka 14 walikuta kwamba mzazi anayejua mambo ya mtoto wake amejua hasa kwa sababu mtoto mwenyewe amemweleza. Kupekua na kuhojihoji kulichangia kidogo. Basi swali la kujiuliza ni nini kinamfanya mtoto aseme, na nini kinamnyamazisha.

Saa tatu na nusu usiku kijana anasema, "Mama, leo kuna jamaa kakamatwa na bangi chooni." Mama aliyezidiwa anajibu, "Na wewe umo tu! Ndiyo maana marafiki zako siwapendi." Hakuna ubaya wa moyo hapo, kuna uchovu na hofu. Lakini mlango umefungwa, na taarifa inayofuata haitaletwa. Jibu lingine lina maneno mawili: "Eeh? Ikawaje?" Kisha kunyamaza. Kijana atamaliza hadithi, na mara nyingi sehemu inayomhusu yeye iko mwishoni. Onyo linaweza kungoja kesho.

Tuseme pia wazi kwamba njia hii kati ya msongo wa mzazi na matumizi ya mtoto inakwenda pande zote mbili. Mtoto aliyeanza kutumia humzidishia mzazi msongo, na msongo huo huharibu malezi zaidi. Kumlaumu mama ni kosa la kisayansi kabla hata hatujasema ni ukosefu wa huruma. Ndiyo sababu programu zenye matokeo zinamhudumia mzazi kwanza kama mtu.

Programu ya kuimarisha familia iliyopimwa Iowa kwa watoto wa miaka 10 hadi 14 ina vikao saba vya saa mbili: saa ya kwanza wazazi na watoto wako vyumba tofauti, saa ya pili wako pamoja wakifanyia mazoezi walichojifunza. Karibu na sisi zaidi, Cluver na wenzake walijaribu programu ya vikao 14 kwa familia 552 za Eastern Cape, Afrika Kusini. Matokeo ya mwaka 2018 yalionyesha kupungua kwa ukatili dhidi ya vijana, msongo wa wazazi, na matumizi ya pombe na dawa kwa wazazi na kwa vijana. Vikao hivyo vilijumuisha bajeti ya familia na kuweka akiba, na sioni kama ni jambo la pembeni: ukipunguza marejesho, umepunguza kelele za usiku. Tanzania nayo imekuwa na programu iliyotokana na kazi hiyo, Furaha Teens.

Shule isiyo na fedha za programu ifanye nini

Inaweza kuanza na mkutano wa wazazi wa dakika 90. Sharti la kwanza ni kwamba mkutano huo usitaje michango. Mzazi anayedaiwa hatakuja, na huyo ndiye uliyemhitaji. Jumapili mchana huwapata akina baba kuliko siku ya kazi. Mwalimu atumie dakika 15 kueleza matokeo ya vikaratasi bila kutaja darasa wala mtu. Dakika 30 ni za mazoezi ya wawili wawili ya "ikawaje", mmoja akiwa mtoto. Dakika 20 ni za wazazi kuulizana wenyewe nini kinawaelemea. Hapo mwalimu asikilize tu. Zinazobaki ni za kukubaliana sheria mbili au tatu za pamoja: mwisho wa kuwa nje ni saa ngapi, nani anampigia nani mtoto asipofika, duka gani la mtaa huu linawauzia watoto kuberi (tumbaku ya kuweka mdomoni) na pombe.

Makubaliano ya wazazi yalikuwa sehemu ya kazi ya Iceland, ambako waliokiri kulewa katika siku 30 zilizopita, wenye miaka 15 na 16, walishuka kutoka asilimia 42 mwaka 1998 hadi 5 mwaka 2016. Iceland ilikuwa pia na fedha za michezo na sheria kali za umri, kwa hiyo tusidai mkutano utatufikisha huko. Lakini baba anayesema "saa moja jioni uwe ndani" ana nguvu zaidi pale majirani watano wanaposema hivyohivyo. Na upatikanaji una uzito wake: viroba, vilivyokuwa vikitosha mfukoni mwa sare ya shule kwa bei ndogo, vilipigwa marufuku kuanzia tarehe 1 Machi 2017, na hatua ya aina hiyo inamfikia hata mtoto asiyesikiliza somo lolote.

Mwanafunzi akikutwa ametumia

Mazoea ni viboko mbele ya paredi au kufukuzwa. Kumfukuza kunamtoa mahali penye watu wazima na kumpeleka kijiweni kutwa nzima, na kuipenda shule ni mojawapo ya kinga zinazojitokeza mara kwa mara katika tafiti. Kwanza angalia usalama: akiwa na usingizi usioamshika, anapumua kwa shida au anatapika bila fahamu, ni hospitali mara moja, alazwe kwa ubavu njiani. Akiwa timamu, aongee na mtu mmoja, faraghani, baada ya saa chache. Maswali yawe ya kawaida: nini, mara ngapi, na nani, ulikuwa unajisikiaje kabla yake. Jibu la swali la mwisho ndilo linaloamua msaada. Aliyejaribu mara moja kwa sababu ya wenzake anahitaji stadi na mzazi anayesikiliza. Anayevuta kila siku kabla ya kwenda nyumbani anatuambia kuna kitu nyumbani, na hapo aitwe afisa ustawi wa jamii wa kata.

Anayetumia heroini anahitaji tiba. Kliniki ya methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, ya Muhimbili ilianza mwaka 2011, zikafuata Mwananyamala na Temeke, na dawa hutolewa bure. Methadoni haitibu uraibu wa bangi wala pombe, kwa hiyo mzazi asipoteze siku kwenye foleni hiyo kwa tatizo lingine. Aanzie kitengo cha afya ya akili cha hospitali ya wilaya. Mtoto mwenyewe anaweza kupiga 116, namba ya bure ya huduma kwa mtoto, na Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya inapokea simu bure kwa 119. Mzazi aitwe shuleni peke yake, akalishwe kwenye kiti, aelezwe kilichoonekana na kitakachofanyika wiki hii, na apewe siku ya kurudi kabla hajaondoka ofisini.